Sauti iliyofungiwa ghalani

Muziki uitwao soul, maana yake roho, ulitokana kwa sehemu kubwa na nyimbo za makanisa ya watu Weusi wa Marekani. Mwaka 1972 Bettye LaVette wa Detroit, mwenye miaka 26, aliimba nyimbo za santuri nzima huko Muscle Shoals. Kampuni ya Atlantic haikuitoa. Gilles Pétard, Mfaransa mpenda santuri, ndiye aliyezitafuta nyimbo hizo, naye akazitoa mwaka 2000. Mwimbaji alikuwa amekwisha kupita miaka hamsini! Ndipo wengi walipomjua.

Enyi wazazi, mkipata santuri ya zamani, msiisikilize peke yenu. Iteni watoto na jirani, mkawasomee majina yaliyoandikwa juu ya mfuko wake, hata la mpiga ngoma.