Daktari, Niulize Kazi Yangu



Kila mmoja wetu analijua benchi la zahanati ya shamba. Unafika alfajiri, unakaa, unasogea, unakaa tena. Saa nne unaitwa ndani. Daktari hainui macho. "Una nini?" Unasema, "Kichwa," na kabla hujafika kwenye kifua, kalamu imekwisha kuandika. Unapewa kikaratasi, unaelekezwa dirishani, unapokea bahasha ya vidonge, unatoka. Mwenzako akikuuliza nje una ugonjwa gani, unamwonyesha kikaratasi, maana wewe mwenyewe hujui.

Tumezoea hali hii hata tunaiona ya kawaida. Wengine husema kuwa daktari mkali ndiye daktari hodari. Mimi nasema kwamba maneno kati ya daktari na mgonjwa si jambo la adabu tu. Ni jambo la usalama kazini, sawa na glavu na buti, na chama kinapaswa kulidai kama kinavyodai glavu na buti.

Nitawaeleza jambo nililoliona kwa macho yangu. Katika shamba moja la maua hapa Uganda, nilipokuwa mwakilishi wa wafanyakazi, tulikuwa na kijana aliyetoka upande wa Kongo. Kazi yake ilikuwa kupuliza dawa ya wadudu kwa pampu ya mgongoni. Siku moja pampu ilivuja, shati likalowa. Hakusimama, kwa sababu nyapara alikuwa anahesabu mistari. Kufika mchana kichwa kilikuwa kinampasuka, jasho linamtoka, mate yamejaa mdomoni, anatapika. Akaenda zahanati.

Aliulizwa, "Umetumia dawa yoyote?" Akajibu kwa uaminifu, "Ndiyo, niko kwenye dawa tangu asubuhi." Aliyekuwa anauliza alielewa kuwa kijana amekwisha kumeza vidonge nyumbani. Akaandika malaria, akampa vidonge vya malaria, akamwambia akapumzike.

Hapo Kiswahili chetu chenyewe kilimponza. Sisi tuna dawa ya kunywa, dawa ya kupuliza, dawa ya meno na dawa ya viatu. Neno ni lile lile, iwe inaponya au inaua. Swali moja tu lingetenganisha mambo hayo: "Unafanya kazi gani?" Swali hilo halikuulizwa.

Usiku majirani walimbeba mpaka hospitali ya serikali. Muuguzi wa huko alipoinama kumtazama alisikia harufu ya shati, akauliza hapo hapo: "Huyu anafanya kazi gani?" Wakamvua nguo, wakamwosha mwili mzima kwa sabuni, wakamchoma sindano za atropini, ambayo ndiyo dawa ya kupambana na sumu za namna hiyo. Alipona. Lakini tulipoomba fidia, kampuni ilitoa kadi ya zahanati yake. Kadi ilisema malaria. Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 inahesabu magonjwa yatokanayo na kazi, lakini mbele ya sheria ugonjwa hutambulikana kwa maandishi ya daktari. Kijana hakupata hata shilingi moja. Mwezi uliofuata alirudi kwenye pampu.

Ndiyo maana nasema swali la daktari ni mali ya mfanyakazi. Likiulizwa na kuandikwa, linaokoa roho, na linashika haki yake.

Wala si jambo jipya. Alikuwako daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliyezaliwa mwaka 1633 na kufariki mwaka 1714. Siku moja, katika mji wa Modena, watu walikuwa wanasafisha shimo la choo nyumbani kwake. Akamwona mmoja anafanya kazi kwa haraka ya kupita kiasi. Badala ya kupita zake, alisimama akamwuliza kwa nini anajitesa hivyo. Yule mtu aliinua macho yaliyokuwa mekundu, akamweleza kuwa asiyewahi kuingia humo hawezi kujua taabu yake, na kwamba akikawia atapofuka. Ramazzini akaanza kuangalia mjini, akakuta wazoa choo wengi wamekuwa vipofu au nusu vipofu, wanaomba barabarani.

Kutokana na mazungumzo hayo alianza kutembelea karakana, akizungumza na wachimba madini, wafinyanzi, wafumaji na wakulima. Mwaka 1700 alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Humo aliwaambia madaktari wenzake kwamba maswali waliyorithi kwa waganga wa kale hayatoshi. Waongeze moja: mgonjwa anafanya kazi gani? Tena aliwaambia kuwa daktari akiingia katika nyumba ya maskini asikimbilie kushika mkono kupima mapigo na kuondoka. Akae, hata kama kiti ni kigoda cha miguu mitatu, amwulize mgonjwa taratibu.

Tangu hapo imepita miaka zaidi ya 300. Kigoda hicho bado hakijafika katika zahanati zetu nyingi.

Najua jibu la madaktari: "Hatuna nafasi. Watu mia wako kwenye mstari." Ni kweli mstari ni mrefu. Lakini tutazame hesabu. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, walichapisha matokeo ya kusikiliza mazungumzo 74 ya madaktari na wagonjwa. Waliona kwamba kwa wastani daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18. Halafu mwaka 2002, katika hospitali moja ya mji wa Basel, Uswisi, madaktari waliambiwa wamwache mgonjwa aseme mpaka amalize mwenyewe. Walipima wagonjwa 335. Kwa wastani mgonjwa alimaliza katika sekunde 92. Dakika moja na nusu tu! Mgonjwa aliyekatizwa huondoka na nusu ya habari, na kesho anarudi tena kwenye mstari ule ule, amezidiwa. Basi, ni nani aliyeokoa nafasi?

Tena maneno yanayoharibika si yale ya kuingia peke yake. Hata ya kutoka huharibika. Bahasha huandikwa moja mara tatu, na daktari anasema, "Moja asubuhi, moja mchana, moja jioni." Mwenzetu wa kiwanda cha sukari aliye zamu ya usiku analala mchana kutwa. Asubuhi yake ni saa kumi na mbili jioni. Anameza lini? Mwingine anaambiwa ameze pamoja na chakula, naye hula mara moja kwa siku. Mwingine anaandikiwa arudi "saa 8". Mwandishi alikuwa na saa ya Kizungu kichwani, akikusudia saa mbili asubuhi. Mgonjwa anasoma Kiswahili, anafika saa nane mchana, anakuta kufuli.

Tazameni dawa mseto ya malaria ambayo wengi wetu tumekwisha kuimeza. Mtu mzima hupewa vidonge 24: vinne kwa mara moja, mara sita, kwa siku tatu. Kipimo cha pili kinamezwa saa nane baada ya cha kwanza, kisha asubuhi na jioni, na vizuri viende na chakula chenye mafuta au maziwa. Mfanyakazi akipata nafuu siku ya pili, anaweka vilivyobaki kwa ajili ya mtoto. Hafanyi hivyo kwa ubishi. Hakuna aliyemweleza kuwa nafuu si kupona, na kwamba wadudu wa malaria waliobaki wanaweza kuamka tena. Akirudi anaitwa mkaidi.

Na lile swali la "Umeelewa?" halifai kitu. Nani kati yetu atamjibu daktari, "Hapana, sikuelewa"? Kwa heshima, kwa haya na kwa kuogopa kufokewa, sote husema, "Ndiyo, daktari." Daktari mwema husema hivi: "Mzee, nataka kujua kama nimekueleza vizuri. Ukifika nyumbani utakunywaje dawa hizi?" Hapo mgonjwa hapimwi akili. Anayejipima ni daktari. Mgonjwa akikosea, kosa linaonekana pale pale mezani, kabla halijamfikia mtoto au kaburi.

Kuna na jambo la lugha. Katika mashamba yetu wako watu wa Arua, Rwanda, Burundi, Kongo na Kenya, pamoja na wenyeji. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha, na Katiba ya Uganda tangu mabadiliko ya mwaka 2005 inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Hata hivyo mara nyingi daktari asiyekijua huita mtu yeyote aliye karibu afasiri, na aliye karibu ni nyapara. Je, mama mjamzito atasema mbele ya nyapara kwamba ametokwa na damu baada ya kubeba mzigo? Kijana atasema ana ugonjwa wa sehemu za siri? Mpulizaji atasema hakupewa kinyago? Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mgonjwa huyu hakuyaficha kwa kupenda. Amefungwa mdomo na yule aliyeletwa kumsemea.

Hapa tunagusa mzizi wenyewe. Daktari wa kampuni analipwa na kampuni. Mgonjwa akiingia hajui kama anazungumza na mganga au na askari wa kuhesabu waliotoroka kazi. Mkataba Nambari 161 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1985, uko wazi juu ya jambo hili. Unasema wahudumu wa afya kazini wawe huru katika kazi yao, wasiegemee upande wa mwajiri wala wa wafanyakazi. Tena mwajiri asiwatake wachunguze sababu za mfanyakazi kutofika kazini. Pasipo uhuru huo, hata daktari mwenye maneno matamu hatasikia ukweli.

Nisieleweke vibaya. Daktari si adui yetu. Yeye na muuguzi ni wafanyakazi kama sisi, na wengi wanachoka kama sisi. Novemba 2017 madaktari wa Uganda walipogoma, hawakudai mishahara peke yake. Walidai pia dawa na vifaa vya kutibia watu. Mtu anayeona wagonjwa mia kwa siku hawezi kukaa kwenye kigoda cha Ramazzini. Kwa hiyo tunapodai tusikilizwe, tudai pia wasikilizaji waongezwe.

Napendekeza kila tawi liyapeleke mambo haya matano katika mazungumzo ya mkataba na mwajiri:

1. Kadi ya zahanati iwe na mstari wa kazi ya mgonjwa na vitu anavyoshika kazini, nao usiachwe wazi.

2. Orodha ya sumu zote zinazotumika shambani au kiwandani ibandikwe ndani ya zahanati, na daktari aijue.

3. Mfasiri awe mtu anayekubaliwa na mgonjwa, aliyefungwa na kiapo cha siri. Nyapara asiingie.

4. Maelezo ya dawa yatolewe kwa lugha ya mgonjwa na kulingana na zamu yake, na mgonjwa aombwe kuyarudia.

5. Idadi ya waganga na wauguzi ilingane na idadi ya wafanyakazi na jamaa zao waishio kambini.

Na sisi wenyewe tunao wajibu. Ukiingia, taja kazi yako kwanza, hata kama hukuulizwa. Usiseme "dawa" ikiwa ni sumu; sema sumu ya kupuliza, na utaje jina lililoandikwa kwenye kopo. Usiondoke kabla hujajua mambo matatu: ugonjwa wangu ni nini, nitatumiaje dawa hizi, na nikiona dalili gani nirudi mara moja. Usijibu ndiyo kwa heshima wakati moyo unasema hapana. Kuuliza si ujinga.

Yule kijana wa pampu alijibu kila alichoulizwa, tena alisema kweli. Lililokosekana ni swali moja la maneno matatu, ambalo halihitaji mashine wala fedha za kigeni. Tulidai mpaka liulizwe katika kila zahanati ya shamba na kiwanda, na jibu lake liandikwe.

Umoja ni nguvu.

Katibu wa Tawi