Mnakuja Kupumzika, Sisi Tupumzikie Wapi?

Sisi wa Ndagoni hatuna ugomvi na mgeni. Hilo litangulie, kabla dalali hajaanza kututangaza kwamba watu wa huku hatutaki maendeleo. Kisiwa chetu cha Mafia kimezoea kupokea. Kisimani, mji wa kale ulio kwenye rasi huku upande wetu, ulikuwa bandari ya watu kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Mwanaakiolojia Neville Chittick aliuchimba akauandikia ripoti mwaka 1961, na sehemu kubwa bahari imekwisha kuila. Wasakalava walitoka Bukini, yaani Madagaska, wakaja kwa shari, wakauvunja mji wa Kua kisiwani Juani. Mjerumani akaja na kutaka mashamba ya minazi. Mwingereza akamwondoa mwaka 1915, akatafuta hapa mahali pa kurushia ndege za kuisaka manowari Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Kila aliyekuja alikuja na shughuli yake, nzuri au mbaya. Hawa wa sasa ndio wa kwanza kuja kwa sababu hakuna shughuli.

Wanakuja kuogelea. Wanakuja kuzama na mitungi ya hewa mgongoni, kumfuata papa potwe katika ghuba ya Kilindoni kuanzia Oktoba mpaka Machi, kula chakula cha mchana juu ya fungu la Mange maji yakipwa, kisha wanapita Kisimani kupiga picha. Ni haki yao. Tatizo letu ni na yule ambaye siku zake zikiisha haondoki. Anarudi na mtu wa kupima, anazunguka na bodaboda kutwa nzima, na jioni anauliza ufukwe ule ni wa nani.

Ufukwe ule ni wa nani! Swali lenyewe linatuumiza kichwa. Mnazi una mwenyewe, tena hata mnazi uliolala una mwenyewe na wajukuu wanaogombania. Shamba lina mwenyewe. Lakini mchanga wa pwani, pale tunapovuta mitumbwi, pale dagaa wanapoanikwa na nyavu zinaposhonwa, hakuna aliyewahi kuamka asubuhi akasema ni wangu. Sasa wapo. Kwanza huja kamba, imefungwa mti hadi mti. Baada ya kamba huja miti ya uzio, baada ya miti mlinzi, na mlinzi mwenyewe ni kijana tuliyemfundisha kuogelea. Anatuambia kwa aibu, "Shangazi, bosi amesema mpite kule." Kule ni kuzunguka shamba zima na beseni la pweza kichwani, jua likiwa utosini. Bamvua haimsubiri mtu. Mwanamke anayekwenda kuchokoa pweza anahesabu saa za maji kupwa, na muda anaoumaliza kuzunguka uzio ni muda alioupoteza mwambani.

Hapo wasomi wetu wanatuambia sheria ipo. Kweli ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imetaja mita 60 kutoka ukingo wa bahari kuwa mahali pasipotakiwa shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Ndiyo maana kila anayetaka kibanda cha kutazamia machweo anaitwa mwekezaji. Anawekeza nini? Viti viwili na bembea ya kamba. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo inataka ugawaji upite katika mkutano mkuu wa kijiji, ambako sote tunaketi na kunyoosha mikono. Lakini mikutano tunayoitwa ni ya michango. Ya viwanja tunaisikia ikiwa imekwisha, tena tunaisikia Kilindoni, dukani.

Madalali, tuseme ukweli, si wageni. Ni watoto wetu. Mmoja anauza eneo la babu yake asubuhi, mchana ananunua pikipiki, jioni anamweleza mteja wa pili kwamba hata eneo la jirani linauzika. Na wateja hawatoki Ulaya peke yake. Kuna wakubwa wa Dar es Salaam ambao wamewahi kulala hapa usiku mmoja tu, wakaumwa na mbu, lakini uzio wao ni mrefu kuliko wa Mzungu. Kwa hiyo asije mtu akatugeuzia maneno kuwa ni chuki ya rangi. Uzio hauna rangi.

Halafu kuna mambo madogo, ambayo ukiyapeleka ofisini mtendaji anacheka. Bafu zetu ni za makuti na hazina paa. Kwa karne zote haikuwahi kuwa tatizo, kwa sababu juu yetu alikuwepo Mungu na kunguru. Sasa kuna kidude kinavuma angani kama nyigu, kina kamera, kinatafuta mandhari. Mama mmoja amewahi kukikimbia na kanga nusu. Aliyekirusha alipofuatwa akaomba radhi vizuri sana, akaonyesha na picha kwamba kilikuwa kinapiga picha za minazi tu. Vizuri. Lakini kwa nini tuthibitishiwe? Na nguo ya kuogelea jamani ibaki majini. Kutoka pwani hadi dukani unapita mbele ya msikiti na mbele ya wazee wanaocheza bao, na wazee wamechoka kujifanya wanatazama kete.

Kitoweo nacho kimehama. Changu, kolekole na kamba kochi wakishuka tu, kuna simu. Mvuvi hatumlaumu, ana watoto na mafuta ya mashine hayateremki bei. Ila ajabu ni kwamba watu tunaoishi kisiwani tunanunua mikia na dagaa, na mtu aliyefika jana kwa ndege ya nusu saa kutoka Dar ndiye anayemla samaki wa leo. Sisi tukienda Dar tunakwenda Nyamisati, upande wa bara, kwa chombo cha baharini, tukimwomba Mungu kusi isichafuke. Mgonjwa naye anapita njia hiyohiyo.

Watatuambia: ajira. Ajira zipo, hatukatai. Kuna vijana wamejifunza kuongoza wazamiaji, kuna wapishi, kuna mabaharia wanaojua potwe anapenda maji gani kuliko mtu yeyote mwenye shahada. Lakini Aprili mvua ya masika ikishika, nyumba nyingi za wageni zinafungwa mpaka Juni, na ajira inafungwa pamoja na madirisha. Miezi hiyo watu wanarudi kwenye mshipi, dema na ukili. Ndipo tunapokumbuka kuwa njia ya kwenda kwenye dema ina kamba.

Na huyo potwe, hebu tumzungumzie. Anakuja Kilindoni kwa sababu ya dagaa na uduvi, kile kile kinachomleta mvuvi wa nyavu. Wamekutana hapo miaka mingi. Akiingia kwenye wavu, wavuvi wanamfungulia atoke, kwa sababu wavu unachanika na kwa sababu mnyama mwenyewe hana makosa. Leo mvuvi akisogea, anapigiwa kelele na boti la watu wenye viatu vya mabata kwamba anamsumbua samaki. Nani kamkuta nani baharini?

Lakini kinachotukera kuliko vyote ni neno moja wanalopenda kulisema wageni wakishakaa miezi mitatu: kisiwa kibaki kilivyo. Barabara ikitajwa, wanaogopa magari. Taa zikitajwa, nyota hazitaonekana. Mashine ya boti ina kelele, afadhali tanga. Mnara wa simu unaharibu mandhari, ila mtandao ukikatika wao ndio wa kwanza kulalamika. Bwana, kisiwa "kilivyo" ndicho hiki ambacho mjamzito anabebwa kwenye pikipiki katika mchanga. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 46,438 wilaya nzima, na ile ya 2022 imetukuta tumepita 66,000. Hao wote wanataka kukaa, kulima na kuoana. Watakaa wapi, kwenye mandhari?

Wenzetu wameyaona. Paje, Unguja, akina mama wa mwani na wanaoteleza kwa tiara wanagombea maji yaleyale ya kina kifupi. Shela, Lamu, matajiri wa Ulaya walianza kununua nyumba zamani, na leo mzaliwa wa pale anazitazama kwa nje. Huku kwetu bado hatujafika huko. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanza mwaka 1995, ilikuwa ya kwanza Tanzania, na kwa miaka hiyo yote wavuvi wa kisiwa hiki wamesomeshwa habari ya kujizuia: nyavu gani, miamba gani, msimu gani. Wa kisiwa jirani cha Jibondo wamefika hatua ya wao wenyewe kufunga miamba ili pweza wakue. Tumejizuia mno. Tunachouliza ni anayekuja kustarehe anajizuia nini.

Kiboko peke yake ndiye asiyejali uzio. Usiku anatoka bwawani, anakula mpunga wetu, na akikuta uzio wa mtu anaupita. Wageni wanamtokea na tochi kumpiga picha. Mpunga hakuna anayeupiga picha.

Tunayoyataka hayazidi manne, na hayahitaji mfadhili. Njia za kwenda pwani zipimwe, zitiwe mawe, ziingie kwenye ramani ya kijiji kabla kiwanja kingine hakijakatwa. Kila eneo lililotolewa litajwe mbele ya mkutano mkuu, kwa jina la aliyepewa na ukubwa wake. Kidude cha angani kiombewe ruhusa kwa mwenyekiti. Na wenye nyumba za starehe waje wenyewe kikaoni badala ya kumtuma mlinzi, kwa sababu mlinzi ni mtoto wetu na hatuwezi kumgombeza kwa makosa ya mwingine. Kikao kinaanza saa nne asubuhi, maana yake saa tano. Viti ni vichache, kwa hiyo waje na vile viwili.