Kompyuta nzito: iongezewe nguvu au inunuliwe nyingine?

KOROSHO ikishalipwa, kila mtu nyumbani ana orodha yake. Baba anaona bati za chumba cha nyuma, mama anaona sare na mahitaji ya shule ya Januari, binti wa kidato cha sita anaona laptopu. Minada huanza Oktoba, malipo huingia benki kwa mafungu kupitia vyama vya msingi vilivyo chini ya MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala, na mara nyingi fedha inakuwa imekwisha kabla mtu hajakaa chini kuipigia hesabu. Hapo bado salfa, ambayo haina mjadala: mikorosho ikichanua bila dawa, msimu unaofuata hakuna cha kugawana. Ndiyo maana kununua kompyuta isiyofaa katika nyumba ya mkulima ni kosa la mwaka mzima.

Familia moja ya Mkomaindo ilikaribia kulifanya msimu huu. Mama ana duka la steshenari jirani na hospitali. Anachapa barua, anatoa fotokopi, anawajazia vijana maombi ya kazi na ya mkopo wa elimu ya juu. Laptopu yake ni ya mwaka 2015, alinunua ikiwa tayari imetumika. Ukiiwasha asubuhi, unafagia duka, unapanga karatasi, unajibu salamu za nusu mtaa, ndipo inafunguka. Ikifunguka, inaganda. Wateja wawili watatu kwa siku walikuwa wakichukua vyeti vyao na kuvuka barabara kwenda duka la pili.

Baba alishaamua: inunuliwe mpya. Tena alikuwa ameiona moja dukani, nyembamba, inang'aa, bado ina nailoni, Sh650,000. Mama alisema bei hiyo inakula sare za watoto na bado inaomba maji ya kunywa. Ilipofika hapo akapigiwa simu mjomba wa watoto, aliyeko Newala, kwa kuwa kwa Wamakua, Wamakonde na Wayao mambo mazito ya nyumba hayaamuliwi mjomba akiwa hajui.

“Shemeji,” mjomba alisema, “mkorosho ukizeeka huung'oi. Unaukata, unaubebesha, unazaa tena.”

“Sawa shemeji,” baba akajibu. “Na kama mchwa wameshaingia kwenye shina?”

Baba aliuliza swali lenyewe hasa, pengine bila kukusudia. Kabla ya kufikiria bei, mwenye kompyuta anapaswa kujua kilichozeeka ni kitu gani. Kompyuta nyingi zinazoitwa mbovu zina ugonjwa mmoja tu, na mara nyingi ugonjwa huo ni hadidiski.

Hadidiski ya zamani ni sahani inayozunguka, na juu yake kuna kijiti kinachokwenda huku na huku kutafuta maandishi. Nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Inaonekana ni mbio, lakini Windows inapowaka huhitaji maelfu ya mafaili madogo madogo yaliyotawanyika, na kijiti hicho lazima kiende kwa kila moja. SSD haina sahani wala kijiti. Haina kinachozunguka, kwa hiyo haina cha kusubiri. Laptopu ya miaka 10 iliyokuwa ikichukua dakika nne au tano kuwaka, ikiwekewa SSD huwaka kwa chini ya dakika moja, na hakuna kitu kingine kilichobadilishwa ndani yake. Kati ya matengenezo yote ya kompyuta, hili ndilo linalorudisha fedha haraka kuliko yote, na inashangaza ni mafundi wangapi bado “wanapiga Windows” upya kila baada ya miezi mitatu juu ya hadidiski ileile iliyochoka.

Kulijua hilo hakuhitaji fundi. Mtumiaji akibonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, hufunguka Task Manager, yenye safu za asilimia. Kompyuta ikiwa haifanyi kazi kubwa lakini safu ya diski imeganda kwenye 100, tatizo ni hadidiski. Safu ya kumbukumbu ikiwa juu ya 85 na kivinjari kikiwa kimefunguliwa kurasa tatu tu, ramu ni ndogo. Prosesa ikiwa ndiyo iliyojaa saa zote, kwanza wasafishwe virusi na zizimwe programu zinazojiwasha zenyewe; ikiendelea kujaa, hapo shina limeliwa kweli.

Vumbi nalo lisisahaulike. Anayeishi kando ya barabara ya kupanda Newala analijua lile jekundu. Likijaa kwenye feni, joto linapanda na prosesa inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Kuifungua, kuipuliza na kuibadilishia ile dawa ya kupoza prosesa ni kazi ya saa moja.

Fundi wa familia hii, kijana mwenye kibanda stendi, aliifungua laptopu ya mama na kuipima kwa programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, ambayo hueleza hali ya diski kwa neno moja. Neno lililotokea halikuwa Good. Lilikuwa Caution, maana yake diski imeanza kupoteza sehemu zake. Mama alikuwa ameshaisikia ikigonga ko-ko-ko usiku akidhani ni feni.

Pale mazungumzo yalibadilika. Ndani ya diski ile kulikuwa na barua za wateja wa miaka sita, madaftari ya mahesabu ya duka, na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha binti kilichohakikiwa na RITA, ambacho atakihitaji dirisha la maombi ya mkopo wa HESLB likifunguliwa. Fundi mzuri hujulikana kwa hatua anayoanza nayo. Huyu alikataa kugusa kitu chochote kabla mafaili hayajanakiliwa kwenye diski ya nje. Kazi hiyo ilichukua usiku mzima, na mafaili machache hayakusomeka tena. Diski inayotoa onyo haingojei mnada wa tatu.

Bei aliyoitaja fundi ilikuwa hivi: SSD ya GB 256, Sh80,000, ramu ya GB 4 ya kuongeza kwenye GB 4 zilizokuwemo, Sh30,000, kazi pamoja na usafi, Sh15,000. Jumla Sh125,000. Laptopu iliyotumika yenye hali nzuri aliulizia Kariakoo akaambiwa Sh520,000, itumwe kwa basi. Kipimo kinachofaa ni hiki: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya kompyuta nzuri iliyotumika, fedha isipotee kwa mzee. Hapa ilikuwa robo.

Na ile mpya ya Sh650,000 yenye nailoni? Mjomba aliomba apigiwe picha ya karatasi iliyobandikwa juu yake. Prosesa ya Celeron, ramu GB 4, hifadhi GB 64 ya aina ya eMMC. Kwa macho ni kompyuta mpya. Kwa kazi, ni nyepesi kuliko ile ya 2015 ikishawekewa SSD. Hifadhi ya GB 64 hujazwa karibu nusu na Windows yenyewe, na baada ya miezi michache hakuna nafasi hata ya kupokea masasisho. Zaidi ya hapo, katika nyingi za aina hiyo ramu na hifadhi vimelehemewa kwenye ubao, haviongezwi wala kubadilishwa. Inafaa kwa mtoto wa kusoma vitabu kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kwa duka lenye printa na wateja watano kwenye benchi, ni majuto ya wiki ya pili. Wauzaji hawasemi uongo wanaposema ni mpya. Mnunuzi ndiye anayesikia “mpya” akaelewa “yenye kasi”.

Upande wa baba, hata hivyo, ulikuwa na hoja moja nzito ambayo mjomba hakuijua. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haizimiki siku hiyo, lakini matundu mapya ya usalama hayazibwi tena, na mwenye duka anayeingiza nywila za wateja kwenye tovuti za Serikali hawezi kulipuuza. Kwa kompyuta za watu binafsi kuna nyongeza ya mwaka mmoja, hadi 13 Oktoba 2026, kwa wanaojiandikisha. Windows 11 nayo haikubali kila mashine: kwa prosesa za Intel inataka kwa kawaida kizazi cha nane na kuendelea, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0.

Kizazi husomwa kwenye jina la prosesa, tarakimu zinazofuata kistari. Yenye i5-5300U ni kizazi cha tano. Yenye i5-8250U ni cha nane. Yenye i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Laptopu ya mama ilikuwa cha tano. Mbinu za kuilazimisha Windows 11 zipo na mafundi wanazijua, ila Microsoft haiahidi kuendelea kuzipelekea masasisho mashine hizo. Njia nyingine ni Linux Mint, ya bure, inayofanya kazi vizuri kwenye mashine za umri huo. Fomu za HESLB na za ajira hufunguka kwenye kivinjari chochote. Kinachopaswa kujaribiwa kabla ni printa, kwa maana zipo zinazogoma.

Uamuzi uliofikiwa ulikuwa wa vipande viwili. Laptopu iwekewe SSD na ramu sasa, ijiandikishe kwa ile nyongeza, ifanye kazi ya duka msimu huu. Korosho za Oktoba zikilipwa, inunuliwe iliyotumika ya kizazi cha nane au zaidi, ramu GB 8, na hii ya zamani ihamie kwa binti ikiwa na Linux. Baba alinuna siku mbili. Siku ya tatu alikwenda kununua bati.

Kwa wanaonunua iliyotumika, nyingi zikiwa zimeletwa kutoka Dubai, ukaguzi wa nusu saa dukani una thamani kuliko waranti ya mdomo. Ichomolewe chaja na iachwe ikicheza video dakika 20, betri itasema yenyewe. Amri ya powercfg /batteryreport huonyesha betri ilitengenezwa na uwezo gani na sasa imebakiwa na kiasi gani. Ikiwa chini ya nusu, bei ishuke. Izimwe kabisa na kuwashwa tena, kuhakikisha haina nywila ya kampuni iliyokuwa ikiimiliki. Kila kitufe cha kibodi kibonyezwe. Anayeongeza ramu naye ajue DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, hata fundi akisukuma namna gani.

Kazi ilipokwisha, fundi aliomba abaki na ile hadidiski iliyotolewa, atoe vipuri. Ni ombi la kawaida na wengi hukubali. Mama alikataa. Diski inayoonya bado inasomeka, na humo mna nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti na namba za simu za mamia ya watu waliomwamini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Aliifunga kwenye kitenge akaenda nayo nyumbani. Jioni ile baba, aliyekuwa juu ya chumba cha nyuma akigongelea bati, aliteremka akaitoboa mara nne kwa msumari.