Wakili Mtarajiwa na Apande Basi la Dar

Nina neno nimekaa nalo rohoni tangu likizo ya Agosti. Nyumbani nilipolisema niliambiwa mtoto hasemi mbele ya wakubwa, basi naona nilimwage hapa katika jarida letu.

Binamu yangu anasomea sheria, mwaka wa pili. Chuo kikuu chao kina mpango wa kubadilishana wanafunzi: ukikubaliwa unakwenda nchi nyingine muhula mmoja, kisha unarudi kumalizia shahada yako hapa. Yeye amepewa achague, Uingereza au Dar es Salaam. Ami ameitisha harambee ya kwenda Uingereza na mbuzi wawili wamekwisha kuuzwa. Habari za Dar hataki hata kuzisikia. "Dar? Si ni hapo tu ukishapita Tanga?" aliuliza, na watu wote wakaangua kicheko.

Mimi sikucheka, na sababu ninayo.

Mwaka jana nyanya yetu alikuwa na kesi ya shamba lake la minazi. Kwa kuwa mimi nasoma shule ya kutwa na ndiye niliye karibu, nilimsindikiza mahakamani. Mawakili wawili walisimama wakazungumza Kizungu karibu nusu saa, mara huyu, mara yule. Nyanya ameshika mkongojo wake, macho yanamfuata anayesema. Mwishowe karani akamgeukia akamtafsiria: "Mama, kesi imeahirishwa." Nusu saa yote ile ikawa maneno matatu!

Tulipotoka nje nyanya akamuuliza wakili wake, "Mwanangu, wamesema nini juu ya minazi yangu?" Wakili, kijana mpole wala si mtu mbaya, alianza vizuri kwa Kiswahili, halafu akafika kwenye neno moja la Kizungu akakwama. Akanitazama mimi. Mimi pia sikulijua kwa Kiswahili. Nyanya akatuangalia sote wawili wenye kisomo, akajifunga leso yake vizuri, tukaenda kutafuta matatu.

Baadaye sana ndipo nikasikia redio ya Tanzania mtangazaji akisema mahakama fulani imetoa zuio la muda. Kumbe ndilo neno lenyewe! Zuio. Nyanya angalielewa siku ile ile kwamba minazi isiguswe na mtu mpaka kesi iamuliwe.

Huko Tanzania mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya mahakama, isipokuwa pale haki inapohitaji lugha nyingine. Mwanzoni mwa mwaka huo huo Jaji Zephrine Galeba alipandishwa kuwa jaji wa Mahakama ya Rufani, na Rais Magufuli alisema waziwazi kuwa ni kwa sababu aliandika uamuzi wake kwa Kiswahili. Kwetu je? Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini sheria zetu za kuendesha kesi zingali zinasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Kiswahili kimeachiwa mahakama za chini, nako hakiko peke yake.

Ami si mjinga. Hoja yake ni kwamba sheria yetu ilitoka Uingereza, na anayetaka maji safi huenda kwenye chemchemi. Sikatai. Tuna sheria inayotaja hata tarehe: zile sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe 12 Agosti 1897. Mawakili wetu wa kwanza walisomea huko kwa kuwa hapa hapakuwa na pa kusomea. Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu wetu baada ya uhuru, ni mmoja wao. Lakini Waingereza wenyewe waliliona tatizo. Kamati ya Lord Denning mwaka 1961 ilipendekeza mawakili wa huku wapewe mafunzo huku, na mwaka 1963 kikaanzishwa chuo cha sheria cha Nairobi ambacho hata leo aliyesoma ng'ambo lazima akipitie kabla ya kuapishwa.

Mnamkumbuka Gandhi? Alisomea uwakili London akahitimu 1891. Aliporudi India alisimama katika kesi yake ya kwanza kule Bombay akashindwa kuuliza hata swali moja, akarudisha pesa za watu. Mwenyewe alikiri kuwa sheria za Wahindu na za Waislamu wa kwao hakufunzwa.

Na Dar yenyewe si ya kuchekwa. Kitivo cha kwanza cha sheria katika Afrika Mashariki kilifunguliwa huko mwaka 1961, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na mpaka Nairobi ilipopata chake mwaka 1970, Wakenya walivuka mpaka kukifuata. Willy Mutunga, Jaji Mkuu wetu kuanzia 2011 hadi 2016, alipata shahada yake ya sheria Dar. (Ile ya uzamifu aliifuata Kanada, nisije nikaambiwa nimeficha.) Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee, lakini kwetu msala ukiwa wa Ulaya mbachao hutupwa jalalani.

Najua nitajibiwa kwamba hata Dar wahadhiri hufundisha kwa Kiingereza. Ni kweli, lakini mwanafunzi halali darasani. Siku isiyo na masomo si aende mahakama ya Kisutu akaketi nyuma? Asikie mdai, mdaiwa, kiapo, zuio na rufani vikitoka vinywani mwa watu kama maji, bila mtu kukwama.

Basi la Dar hupita hapa kwetu Ukunda likielekea Lungalunga. Nauli yake haihitaji kuuza mbuzi.

Harambee ni Jumamosi ijayo. Nina shilingi mia mbili za kibarua cha kufua nazi, na nitazitoa, maana binamu ni damu yangu. Yeye mwenyewe alinivuta kando akaninong'oneza kuwa fomu ya Dar hajaitupa, ameiweka chini ya godoro. Kesi ya nyanya itatajwa tena Novemba. Mpaka sasa hakuna aliyemuuliza yeye angependa mjukuu wake aende wapi.

Mwanachama, Kidato cha Tatu