Adui Tunampa Sura ya Nani?



Ukipata nafasi ya kutazama leo Flash Gordon, filamu ya mfululizo iliyotengenezwa Marekani mwaka 1936, utacheka. Ni picha zisizo na rangi, sehemu 13, zilizooneshwa katika majumba ya sinema sehemu moja kila juma. Shujaa huachwa mahali pa kufa, ili watoto warudi juma lijalo kuona kama amepona. Chombo cha angani kinatoa cheche kama fataki, na moshi wake unapanda juu polepole, kwa kuwa ni kidude kidogo kilichoning'inizwa kwa nyaya.

Nami nilicheka, mpaka alipoingia adui.

Adui huyo ni Ming, mtawala katili wa sayari ya Mongo. Ana kipara, masharubu marefu membamba na joho la kifalme. Jina lake ni la ukoo uliotawala China tangu 1368 hadi 1644. Lakini mwigizaji wake, Charles Middleton, alikuwa Mzungu, mzaliwa wa Kentucky. Walipotaka mtoto autambue uovu mara moja, waliupa sura ya Mchina. Wakati huo sheria ya Marekani iliwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Ilitungwa mwaka 1882 na ikafutwa 1943. Je, mtoto wa Kichina aliyeketi katika sinema ile alijifunza nini kuhusu baba yake?

Tusiwahukumu upesi. Katika filamu zetu, mchawi ni nani? Mara nyingi ni bibi kizee mwenye macho mekundu. Na hapa Tanzania wapo vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho hayo, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni walipokuwa wakitupikia miaka yote. Aliyeshika panga alishafundishwa na hadithi namna mchawi anavyofanana.

Sasa mtazame Yesu akisimulia (Lk 10:25-37). Wasikilizaji wake waliwadharau Wasamaria. Angesema wanyang'anyi wa njia ya Yeriko walikuwa Wasamaria, nani angebisha? Lakini wanyang'anyi hakuwataja kabila. Kabila alilitaja alipofika kwa mtu mwenye huruma, na huyo ndiye Msamaria.

Mpendwa, juma hili utawasimulia watoto hadithi, au utacheka kichekesho kwenye simu. Jiulize: mwizi amepewa lafudhi ya kabila gani? Mchawi amepewa uso wa nani? Kisha wasimulie watoto hadithi nyingine, ambayo ndani yake bibi wa macho mekundu ndiye anayemwokota majeruhi njiani. Na baada ya hadithi, wapeleke wakamsalimie bibi huyo jirani yenu. Wampelekee na kuni.