Sista Penye Lango la Kiwanda

Ndugu wafanya kazi, wako watu wasemao kwamba kazi ya mtu wa dini ni kuomba tu, na mambo ya mishahara awaachie wenyewe. Sisi tuliosomeshwa misheni twalisikia neno hilo tangu utoto. Basi tutazameni habari ya Sista Mary John Mananzan wa Ufilipino, Mbenediktini wa shirika lile lile lenye masista Ndanda na Peramiho, Tanzania.

Sista huyu alikuwa mtu wa vitabu hasa. Alisoma Ujerumani na Roma, akarudi Manila kufundisha chuoni. Nchi ilikuwa mikononi mwa Ferdinand Marcos, ambaye Septemba 1972 alitangaza utawala wa kijeshi, na migomo ikakatazwa. Hata hivyo, Oktoba 1975 wafanya kazi wa La Tondeña, kiwanda cha pombe kali, waligoma. Shauri lao kubwa lilikuwa vibarua, watu walioandikwa kwa muda mfupi na kuachishwa kabla ya kupata haki. Walitaka waandikwe kazi ya kudumu. Wakaita mapadre na masista waje kusimama nao, na Sista Mary John akaenda.

Tusidanganyane: masista hawakuweza kuwaokoa. Mgomo haukutimiza siku mbili. Polisi waliwapakia wafanya kazi katika mabasi. Novemba Marcos akatoa amri nyingine ya kukataza migomo. Lakini Sista hakurudi kwenye vitabu vyake kama mtu asiyeona kitu. Aliendelea na wafanya kazi na maskini wa mji, na mwaka 1984 alikuwa mmoja wa walioanzisha GABRIELA, jumuiya ya vyama vya wanawake waliompinga Marcos waziwazi. Februari 1986 Marcos alikimbia nchi.

Sasa sisi wa reli. Kila asubuhi twapita langoni, kadi ya chama mfukoni, nao vibarua wamechuchumaa wakingoja kuitwa majina. Wako tulioinua mataruma pamoja nao miaka mingi, na siku ya kuugua hawana chochote. Twawaita "kijana", hata mwenye mvi! Katika mkutano wa tawi twataka shauri la vibarua liwe la kwanza, kabla ya hesabu ya nyongeza yetu. Nao wasemao kwamba vibarua hawalipi ada, watuambie ni nani kati yetu aliyewahi kuwapelekea fomu.