CERN wanatupa nini?

Haya wasomaji wangu, leo naweka hifadhidata kando kidogo. Nataka tuongee juu ya ile mashine ya CERN, duara la kilomita 27 chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa.

Rafiki zangu husema imekula pesa bure tangu Higgs ipatikane mwaka 2012, maana hakuna chembe hata moja iliyoonekana nje ya nadharia tuliyo nayo. Ni kweli. Desemba 2015 makundi ya ATLAS na CMS yalionyesha kinundu kwenye grafu, karibu na GeV 750. Wanasayansi wakaandika makala zaidi ya 500 kukieleza! Kufikia Agosti 2016 data zikawa nyingi zaidi, na kinundu kikayeyuka. Takwimu ziliwachezea tu.

Lakini mimi ni mwandishi wa programu, na kinachonikosesha usingizi ni kichujio. Kati ya 2015 na 2018 mafungu ya protoni yalikutana mara milioni 40 kwa sekunde. Hakuna diski ya kubeba yote hayo. Vifaa vya kielektroniki vilibakisha 100,000 hivi, kisha programu ikabakisha kama 1,000. Mengine yakatupwa, na hayarudi ng'o. Nani aliamua? Masharti yaliyoandikwa na watu wakikisia chembe mpya itafanana na nini. Wakikisia vibaya, chembe inapita mbele ya macho yao kila siku na hawaijui. (Mimi nimewahi kufuta rekodi za mteja kwa sharti moja baya, na zangu zilikuwa elfu chache tu.)

Kwa hiyo nasema hivi: kabla ya kuchimba lile duara la kilomita 91 linalopendekezwa, tuweke nguvu kwenye kichujio. Kundi la LHCb limeonyesha njia. Tangu 2022 wameondoa kichujio cha vifaa kabisa. Kila mgongano unasomwa, na uchujaji wa kwanza unafanywa na programu kwenye kadi za michoro, ndugu za zile za michezo ya kompyuta. Programu unaweza kuibadilisha ukigundua umekosea.

Na data zilizobaki zifunguliwe. CMS walianza mwaka 2014, na mwaka 2019 wanafizikia wasio wanachama wa kundi hilo walichapisha msako wao wa chembe mpya kwa kutumia data hizo hizo. Mimi pia nilishusha faili dogo la jozi za muoni usiku mmoja, bando likiwa na nafuu, nikapiga hesabu ya masi kwa mistari michache ya Python. Kilele cha chembe Z kikasimama pale pale, GeV 91! Nimeanza kuangalia pembeni yake.